Saa ya Zamu

Mashimba hakuwa mtu wa kuficha mkono. Wote waliomzoea pale Mkolani, Mwanza, kwenye mashine yake ya kukoboa mpunga, walijua kwamba mkono wake wa kushoto humtangulia kila aendako. Akikupa wa kulia, wa kushoto nao utakuja juu yake kukazia salamu. Akikuelekeza njia ni huo huo, akimpungia mtu ng'ambo ya barabara ni huo huo, ilimradi saa ionekane. Sasa tangu mavuno yaishe, mkono ule ulikuwa haujulikani ulipo. Jua linachoma, yeye kavaa shati la mikono mirefu, vifungo vimefungwa mpaka kiganjani, na mkono wenyewe kautia mfukoni utadhani una kidonda.

"Utamwambia lini?" mkewe Getruda alimuuliza asubuhi moja, akimwangalia anavyohangaika kumenya yai kwa mkono mmoja.

"Nimwambie nani?"

"Aa, usinifanye mtoto bwana. Byabato. Sabasaba hiyo inakuja."

Mashimba aliliacha yai na maganda yake. Hata hivyo hamu ya kula ilikuwa imemtoka siku nyingi.

Tuelewane kwanza kuhusu hiyo saa, maana haikuwa saa ya kuangalia wakati tu. Wako watu wanaokusanya ng'ombe, na Mashimba ng'ombe anao, lakini ugonjwa wake hasa ni saa za mkononi. Anazo kwenye sanduku lililofunikwa kioo, na kila Jumapili baada ya ibada anazitoa, anazifuta, anazitia ufunguo, anazirudisha. Byabato, Mhaya wa Nyegezi, mpimaji ardhi mstaafu, anaumwa ugonjwa huo huo. Walifahamiana kwa fundi saa mmoja wa pale Nyamagana: kila mmoja alikuwa anachungulia mkono wa mwenzake kwa wizi, wakafumaniana, wakacheka, na urafiki ukaanzia hapo.

Kisha ikatokea saa iitwayo Valdrenne. Uso wake bluu, na upande wa chini una kidirisha kidogo ambamo mwezi unapevuka na kupungua sawasawa na ule wa juu. Kila mmoja aliitaka mpaka usingizi ukampaa, na hakuna aliyeiweza peke yake. Wakainunua kwa ubia. Ndiyo, saa moja, watu wawili! Watu waliwacheka sana, wakawauliza kama watavaa mkono mmoja. Wao hawakujali. Walipanga hivi: mmoja anavaa saa, mwingine anakaa na boksi lake na kadi yake, ili asiwepo wa kuweza kuiuza bila mwenzake. Sabasaba wanabadilishana, mwaka mpya wanabadilishana tena.

Hawakuandikishana kokote. Byabato alisema mambo ya kuandikishana ni ya watu wasioaminiana. Badala yake aliingia ndani akatoka na tunda moja la kahawa, ile kahawa ya kutafuna wanayowakaribishia wageni kwao Bukoba, akalipasua katikati, zikatoka punje mbili.

"Wazee wetu walipotaka kuwa ndugu na mtu wasiyezaliwa naye, walichanjana wakagawana hizi," alisema. "Sisi kuchanjana tuache, tutafune tu. Ukishatafuna, hunifichi kitu, na mimi sikufichi kitu. Umekubali?"

"Nimekubali, Ta Byabato," Mashimba alijibu, akimheshimu kwa hilo Ta la Kihaya.

Kila mmoja akatia ya kwake mdomoni, na Ma Kokuberwa, mke wa Byabato, akawa shahidi akiwa na sinia la chai mkononi. Zamu zikaanza, zikaenda vizuri mno. Mwaka mpya uliopita, Byabato alipokabidhi, Mashimba hata aliona saa inang'aa kuliko alivyoizoea. Akamwambia inavyong'aa, akamsifu kwamba Wahaya kwa usafi hawajambo.

Sasa sikia balaa lilivyoingia. Baada ya mavuno Mashimba alialikwa kijijini, Misungwi, kwenye harusi ya mpwa wake. Alikaa kwenye viti vya wageni waheshimiwa, suti imenyooka, saa imetoka nje ya mkono wa koti kama ilivyo desturi yake. Angeendelea kukaa hapo hapo, leo tusingekuwa na la kusimulia. Lakini ngoma ya bugobogobo ikaanza. Vijana wakaingia na majembe, wakayarusha juu, wakayadaka, wakayazungusha, vumbi likatimka. Jamani, mwambie Msukuma akae kitini ngoma hiyo inapigwa! Mabega yalianza kumcheza mwenyewe hajijui. Shangazi mmoja akamwona, akapiga vigelegele, akamtia jembe mkononi.

"Mashimba! Umezeeka au tunakusingizia?"

Akavua koti. Saa hakuvua, maana watu walikuwa wanaangalia. Alilirusha jembe kama alivyokuwa akilirusha ujanani, akazunguka, akanyoosha mkono kulidaka. Ila ujana haukurudi pamoja na ngoma. Mkono wa kulia ulichelewa, wa kushoto ukajipeleka, na jembe likashukia palepale juu ya kioo. Kha! Kioo kilipasuka chote, mshale wa sekunde ukang'oka ukalala chini ya namba sita, na mwezi ukakwama nusu ndani nusu nje. Mashimba alisimama ameganda katikati ya uwanja, na watu wakadhani huo ni mtindo mpya, wakamshangilia zaidi.

Fundi wa Nyamagana aliigeuza geuza, akamrudishia. "Hii mzee inafunguliwa na wenyewe walioitengeneza tu," alisema. "Mimi nikiigusa nitaimalizia."

Kuanzia hapo ndipo mkono ukahamia mfukoni. Aliogopa nini hasa? Hakuogopa hasara. Saa ni kitu, kitu kinavunjika. Alichoogopa ni uso wa Byabato. Mtu kakuamini na kitu chake akipendacho kuliko vyote, halafu unamweleza kwamba ulikuwa unarusha jembe nacho! Byabato angenyamaza, na Mashimba alimjua akinyamaza: anavua miwani, anaifuta taratibu, hasemi neno. Baada ya hapo mtu huwa harudi tena kwenye baraza lake. Alishawahi kuachana hivyo na jirani kwa ajili ya mpaka wa kiwanja. Mashimba rafiki mwingine wa namna ile hakuwa naye, na kwa umri wake hakutegemea kumpata.

Sasa akiwa katika dhiki hiyo, ukaingia ujumbe kwenye kundi la simu la wapenda saa wa Kanda ya Ziwa. Kampuni ya Valdrenne inawaletea wakusanyaji wake mpango wa kubadilishana: lete saa yako ya zamani, nzima au mbovu, ikiwa na boksi lake na kadi yake, itathaminiwa, utaongezea kidogo, na utaondoka na nyingine, mpya au iliyosafishwa na kukaguliwa na mafundi wao. Watakuwepo Mwanza, kwenye hoteli moja ya Capri Point, kabla ya Sabasaba.

Mashimba alisoma ujumbe huo mpaka akaukariri. Nzima au mbovu! Angepeleka hii, angechukua nyingine ya aina ile ile, uso bluu, mwezi wake, na Sabasaba angemkabidhi Byabato huku anatabasamu. Nani angejua?

"Mungu angejua," alisema Getruda.

"Mungu hana neno na saa, mama."

Kasoro ilikuwa moja tu. Boksi na kadi vilikuwa kwa Byabato. Akaendesha gari mpaka Nyegezi, mkono mfukoni kila alipoweza, akamkuta mwenzake barazani anatafuna kahawa yake na kusikiliza redio. Walisalimiana, wakazungumzia bei ya sangara na mvua.

"Ta Byabato, naomba lile boksi mara moja. Getruda anataka seremala amchongee la kuwekea hereni zake, mfano wa hilo."

Byabato aliacha kutafuna. "Boksi?"

"Boksi tu. Na kadi iwe humo humo, isije ikapotea."

Mwenzake alienda ndani, akakaa huko muda, akarudi nalo amelishika kwa mikono miwili. Hakulitoa upesi.

"Linakwenda kwa seremala tu, si ndiyo?"

"Kwa seremala tu."

"Nasema kwa sababu nimesikia hawa wa kampuni wanakuja. Usije ukawapelekea. Watu wa kampuni wanachokonoa chokonoa vitu, mwishowe wanaharibu."

"Nikafanye nini huko?" Mashimba alijichekesha. Ameshanishtukia, aliwaza. Ameshajua, ananipima tu. Alilipokea boksi, akaaga haraka haraka hata chai ya Ma Kokuberwa hakuingoja. Njiani ndipo alipokumbuka jambo la ajabu: Byabato hakuiulizia saa yenyewe hata kidogo.

Pale hotelini alikaribishwa chumba chenye madirisha makubwa yaliyotazama ziwa. Kulikuwa na meza iliyotandikwa kitambaa cheusi, taa ya kuinama, na dada mmoja aliyevaa glovu nyeupe, aliyetoka ofisi ya Dar. Beji yake iliandikwa Hellen.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba mama. Nimekuja na mgonjwa."

Hellen alicheka. Alipoiona saa hakucheka tena, alitoa mluzi mdogo wa huruma. "Pole jamani. Imegongwa na gari?"

"Na jembe."

Dada wa watu alimwonyesha nyingine iliyokuwa kwenye trei: uso bluu, mwezi wake mzima, ndiyo hiyo hiyo kabisa. Hellen akavuta boksi, akalifungua kutafuta kadi, akasita. Akainamisha pua kidogo. Kisha akachukua ile mbovu, akaufungua mfuniko wa nyuma kwa kifaa chake, akautazama kwa lenzi.

"Baba, hii saa mlinunua wapi?"

"Tuliinunua mpya dukani. Mimi na rafiki yangu."

"Mpya?" Alimsogezea lenzi. "Angalia hapa ndani ya mfuniko. Unaona kijani kidogo kilichochorwa, jani moja? Alama hii hatuiweki kwenye saa mpya. Tunaiweka kwenye zile zilizorudishwa na wateja, tukazisafisha, tukazitoa tena. Hii imeshapita kwenye mpango wetu. Ilitoka kwetu mwaka jana."

"Haiwezekani."

"Iliyonunuliwa mpya ni nyingine. Siyo hii."

Mashimba alikitazama kile kijani mpaka jicho likamtoka machozi. Mtu kabadilisha saa! Nani? Fundi wa Nyamagana? Wezi? "Nani aliichukua?" aliuliza, sauti imepanda.

"Jina la mteja sitaji baba, kazi yangu hainiruhusu." Hellen aliangalia boksi, tabasamu likamponyoka. "Ila boksi hili nalikumbuka. Lilipofunguliwa pale kwetu, ofisi nzima ilinukia kahawa, nalo likaondoka na saa hii."

Mashimba alilivuta boksi akalinusa. Kahawa. Kahawa tupu! Harufu ya baraza la Nyegezi, imo ndani ya velveti. Na hapo hapo mambo yakaanza kujipanga kichwani mwake, moja baada ya jingine. Mwaka jana, zamu ya Byabato, mwenzake alikuja Mkolani kuomba boksi. Alisema anakwenda Dar kupimwa macho, na anataka kumwonyesha mkwewe boksi zuri linavyokuwa. Nani anasafiri na boksi tupu kwenda kupima macho? Alirudi na miwani ile ile. Na mwaka mpya saa ikang'aa!

Kwanza alikasirika, tena vibaya sana. Mhaya yule! Kanikabidhi saa ya mtu nisiyemjua, kanikazia macho makavu kabisa, mimi namsifu kwa usafi! Alisimama, akapiga meza, bisibisi na koleo ndogo za Hellen zikaruka. "Mtu mzima anamdanganya rafiki yake, anachukua boksi kwa uongo, anakwenda kubadilisha saa kwa siri ili..."

Akaishia hapo. Alijiona kwenye kioo cha dirisha, amesimama, boksi la uongo mkononi, mbele ya meza ile ile. Kisha kicheko kikampanda kutoka tumboni, cha kweli, cha kumwaga machozi, akashindwa kusimama akakaa. Kile kitu kilichomkaba tangu Misungwi kilimtoka kifuani, akavuta pumzi mpaka mwisho. Hakuwa mwovu peke yake! Byabato naye alikuwa amelala macho, naye aliogopa uso wake yeye, Mashimba. Hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu duniani anayeweza kuogopa kumpoteza yeye.

"Baba, uko salama?" Hellen aliuliza.

"Niko salama mama. Siku nyingi sijawa salama hivi."

"Basi nikufungie hii nzima?"

Ilikuwa inang'aa pale kwenye trei. Angeichukua, mambo yangeisha kimya. Sabasaba angeikabidhi, Byabato angeipokea, na wawili hao wangeendelea kudanganyana kwa heshima mpaka kaburini, kila mmoja na jani lake. Mashimba aliitazama, akashusha pumzi.

"Hapana. Nifungie hii hii mbovu. Na niwekee hiyo nyingine pembeni mpaka kesho, nitarudi na mwenyewe wa pili."

Alivaa saa iliyovunjika. Akafungua vifungo vya shati, akakunja mikono mpaka kwenye kiwiko, akaendesha mpaka Nyegezi mkono wa kushoto juu ya usukani, madirisha wazi, upepo wa ziwa unaupiga. Bodaboda walimpungia, naye akawapungia kwa huo huo.

Byabato alikuwa barazani. Macho yake yalikwenda kwenye boksi kwanza, kisha kwenye mkono. Alipoona kioo kilivyo, akavua miwani. Mashimba hakumpa nafasi ya kuifuta.

"Niliivunja mimi," alisema akiwa bado amesimama. "Nilicheza bugobogobo nayo harusini, jembe likaiangukia. Habari ya seremala ni uongo. Nilitaka kuibadilisha kule kwa wale wa kampuni, nikukabidhi nyingine, usijue. Nimekuja kukwambia kwa sababu nimechoka. Nisamehe ndugu yangu, na kama ni kuninyamazia, ninyamazie sasa hivi nikiwa hapa."

Alitaja yake tu. La kijani hakuligusa, aliona aibu ya mtu ni bora aivue mwenyewe.

Byabato alikaa na miwani mkononi. Midomo ilimtetemeka. Mashimba alidhani ni hasira, akaanza kurudi nyuma kuelekea ngazi.

"Mawe!" Byabato alimaka kwa Kihaya, kwa sauti ndogo. "Kaa, Mashimba. Kaa chini. Hiyo uliyovunja siyo ile."

"Siyo ipi?"

"Ile tuliyonunua niliimaliza mimi." Alifunika uso kwa viganja. "Nilikwenda nyumbani Bukoba, wakawa wanakamua ndizi za pombe ya rubisi. Na mimi nikajifanya kijana, nikaingia kwenye mtumbwi wa kukamulia na majani yangu. Mkanda ukafunguka. Kuja kushtuka, watu watatu wazito wameshaikanyaga humo ndani na ndizi zao. Ilitoka inanuka pombe, namba zimepotea! Nikaenda Dar. Macho yangu hayakuwa na shida yoyote. Mwaka mpya nilipokukabidhi, ukasema inang'aa, nikadhani nitazimia."

Mashimba alijaribu kujizuia, akashindwa. Walicheka mpaka Byabato akateleza kwenye kiti, redio ikaanguka, na Ma Kokuberwa akatoka ndani mbio na mwiko mkononi akidhani kuna mtu amepatwa na kifafa.

"Mmeambiana?" aliuliza. Alitazama saa, akatazama mumewe anavyofuta machozi kwa kola ya shati. "Mmeambiana! Namshukuru Mungu. Huyu mwenzako, shemeji, nusu mwaka nzima amekuwa akiweweseka jina lako. Nimekuwa nikilala na wanaume wawili humu ndani!"

"Na mimi kwangu hata yai nimeshindwa kumenya," alisema Mashimba.

"Lakini tuliapa," Byabato alisema, sasa ametulia, amehuzunika kidogo. "Hilo ndilo linaloniuma. Tulitafuna kahawa mimi na wewe. Kiapo kile wazee wetu hawakukivunja, ilikuwa haiwezekani. Kwetu imewezekanaje?"

Mashimba alijikuna shingo. Siku hiyo ilikuwa siku ya kutoa yote, na kulikuwa na moja limebaki.

"Ta Byabato," alisema, "ile punje yangu sikuitafuna. Ilikuwa chungu mno. Niliitema nyuma ya kochi ulipogeuka kuchukua chai."

Byabato alimkodolea macho.

"Naijua," alisema Ma Kokuberwa. "Niliifagia mimi."

"Na ukaniachia tu?"

"Ningesemaje, shemeji? Mlikuwa mmeshikana mikono, mnafurahi kama watoto." Aliingia ndani, akarudi na kisahani. Juu yake kulikuwa na tunda moja la kahawa. Akalipasua mwenyewe, akampa mumewe punje moja, na ya pili akamwekea Mashimba mdomoni kwa mkono wake, akabaki amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Tafuna," alisema.

Mashimba alitafuna. Ilikuwa chungu vile vile, machozi yakamlengalenga, uso ukakunjamana wote. Byabato alimsogezea mkono, wakashikana, saa iliyosimama ikiwa katikati yao na mwezi wake nusu ndani nusu nje.

"Fungua kinywa nione," alisema Ma Kokuberwa.

Akafungua. Hakukuwa na kitu.